Mfadhili Akishatoa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Jumuiya za Unguja na Pemba

Jumuiya nyingi za Unguja na Pemba zinajua kuomba. Andiko la mradi huandikwa hadi usiku wa manane, vielelezo vyote huambatanishwa, barua ikagongwa muhuri na kupelekwa. Fedha zikishaingia, kinafuata kimya. Mfadhili husikia tena kutoka kwa jumuiya pale tu bajeti ya mwaka wa pili inapotafuta mtu wa kuibeba. Akikataa, husemwa kuwa wafadhili siku hizi wamechoka. Mpigie simu mfadhili aliyeacha kutoa, muulize sababu kwa adabu, na mara nyingi utasikia jambo dogo kuliko ulivyodhani: hakuwahi kuambiwa fedha yake ilifanya nini.

Mwongozo huu unahusu kipindi hicho cha kati, tangu mchango wa kwanza unapoingia hadi mtu anapotoa mara ya pili, ya tatu, na miaka ikapita akiwa bado yumo. Unailenga jumuiya ndogo yenye watendaji watatu hadi kumi, wengi wao wa kujitolea, iwe iko Micheweni, Wete, Mkokotoni au Makunduchi. Kazi yenyewe inahitaji saa nne kwa wiki za mtu mmoja makini. Asipotajwa mtu huyo kwa jina katika kikao cha Kamati Tendaji, haitafanyika.

Jambo moja litangulie. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada la USAID, na miradi katika nchi nyingi ilisimama ndani ya wiki chache, ikiwamo ile iliyokuwa na ripoti safi na hesabu zilizokaguliwa. Uhusiano mzuri hauzuii uamuzi wa aina hiyo. Kwa hiyo jiwekeeni mpaka: mfadhili mmoja asibebe zaidi ya theluthi ya bajeti ya mwaka. Kama leo mmoja anabeba nusu au zaidi, jipeni miaka mitatu ya kumpunguzia mzigo kwa kuongeza wengine, wala msingoje aondoke ndipo muanze kutafuta.

Hatua ya 1: Fungueni daftari la wafadhili

Kompyuta ikiwepo, tumieni Excel. Isipokuwepo, daftari kubwa la mistari linatosha. Kila mfadhili apewe ukurasa wake, aliyetoa shilingi 5,000 na aliyetoa milioni 50. Andikeni jina lake analopenda kuitwa (Maalim, Sheikh, Bi, Dakta), namba ya simu na nchi aliyopo, lugha anayoandikia, aliyemleta kwenu, tarehe na kiasi cha kila mchango, namba ya risiti, nia ya mchango kwa maneno yake mwenyewe, ruhusa ya kutaja jina lake hadharani au la, na ahadi mliyompa pamoja na tarehe yake. Mwisho pawe na nafasi ya maelezo mafupi: mama yake mgonjwa, anahamia Muscat, hapendi kupigiwa simu usiku.

Safu ya ahadi ndiyo inayookoa uhusiano. Mtu akiambiwa “tutakutumia picha Ijumaa” na Ijumaa ikapita, yeye hasahau hata kama nyinyi mmesahau. Kila Jumatatu asubuhi mwenye daftari asome safu hiyo tu na kutekeleza zilizofika.

Daftari, anwani ya barua pepe na laini ya simu viwe mali ya jumuiya. Jumuiya inayotumia barua pepe binafsi ya katibu hupoteza wafadhili wote siku katibu anapopata ajira bara. Na kwa kuwa ndani yake mna taarifa za watu, lifungiwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, orodha ya nani katoa kiasi gani si ya kupita mkono kwa mkono katika kikundi cha WhatsApp.

Hatua ya 2: Pokeeni fedha kwa njia isiyoacha swali

Fedha ziingie benki kwenye akaunti ya jumuiya yenye watia saini wawili au watatu, au kwenye namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya. Namba binafsi ya mshika fedha isitumike hata akiwa muaminifu kuliko wote, maana siku akiugua au akifariki fedha hizo zitaingia kwenye mirathi na jumuiya itabaki kujieleza mbele ya warithi.

Risiti iwe na namba inayofuatana, nakala tatu: ya mtoaji, ya faili, na inayobaki kitabuni. Ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia hautoshi. Mpigie picha risiti na kumtumia. Kwa fedha zinazotoka nje, benki za kati hukata ada njiani, hivyo aliyetuma dola 5,000 huenda zikafika 4,965. Mwelezeni kabla hajatuma, na mwombeni achague makato yote yawe kwa mtumaji. Andikeni tarakimu zote: zilizotumwa, zilizokatwa, zilizofika, kiwango cha kubadilishia siku ile, na jumla ya shilingi. Tofauti ya dola 35 isiyoelezwa huzaa wasiwasi mkubwa kuliko thamani yake.

Hatua ya 3: Shukurani ndani ya saa 48

Shukurani ya kwanza ifike ndani ya siku mbili tangu fedha zionekane. Isingoje saini ya mwenyekiti aliyesafiri. Barua rasmi yenye muhuri inaweza kufuata ndani ya wiki mbili kwa taasisi zinazoihitaji, ila ujumbe wa kwanza utoke kwa mtu anayeshughulika na kazi yenyewe. Mfano:

“Assalaam alaykum Bwana (jina). Mchango wako wa shilingi 300,000 tumeupokea jana Jumatatu, risiti namba 0147. Utanunua mabuku na kalamu za wanafunzi 30 wa skuli ya msingi ambao wazazi wao hawana uwezo, kama ulivyonuia. Tutagawa wiki ya kwanza skuli zikifunguliwa, na tarehe 20 Januari tutakuandikia kilichonunuliwa na bei zake. Allah akulipe kheri. (Jina), mshika fedha.”

Mna kiasi, risiti, kazi, tarehe ya habari inayofuata, na mtu anayejibu. Mfadhili asiye Muislamu badilisheni salamu na dua, yaliyobaki yabaki. Ujumbe huu usiwe na ombi lolote, hata la “tukipata na wewe tena tutafurahi”. Shukurani iliyofungiwa ombi husomwa kama ombi.

Makosa yanayorudiwa ni kunakili ujumbe wa jana na kusahau kubadilisha jina, kumshukuru mtu ndani ya kikundi cha WhatsApp mbele ya watu mia mbili, na kumsifu hadi anaona haya. Kwetu hapa watu wengi hutoa wakikusudia siri, mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Muulizeni kila mtu mara moja: “Tukutaje au tusikutaje?” Kibao cha jina ukutani kwa mtu aliyetaka siri kinamfunga mdomo na mfuko.

Hatua ya 4: Heshimuni nia ya fedha

Hapa ndipo jumuiya za Zanzibar zinapotofautiana na mwongozo wowote ulioandikwa Ulaya. Fedha inayokuja kutoka kwa Muislamu mara nyingi ina jina, na jina hilo lina masharti. Kuichanganya si kosa la kihasibu tu. Aliyetoa anaona ibada yake imechezewa.

Zaka ina wapokeaji wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60: mafakiri, masikini, wanaozitumikia, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyeharibikiwa. Kodi ya ofisi haimo. Ukarabati wa skuli na uchimbaji wa kisima, kwa wanazuoni wengi, haumo pia, kwa sababu zaka hutakiwa imfikie mtu na aimiliki. Fungueni akaunti ya pili ya zaka, au kwa uchache leja yake peke yake, na msikate gharama za uendeshaji humo bila fatwa ya maandishi ya mwanachuoni mnayemwamini. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana Zanzibar nayo hushughulika na zaka na wakfu. Nendeni kuuliza mapema badala ya kusahihishwa baadaye.

Zakatul fitri inatakiwa iwe imeshawafikia wanaostahiki kabla ya sala ya Idi. Mchango ukiingia usiku wa kuamkia Idi, mnahitaji mtu aliyekwishajipanga na orodha ya nyumba, si mkutano wa kuamua. Jiwekeeni saa ya mwisho ya kupokea na kuitangaza, kwa mfano Alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani. Atakayetuma baada ya hapo aambiwe mapema kuwa hamtawahi, atafute njia nyingine. Kwa Idi el-Hajj, udhia huchinjwa siku ya Idi na siku tatu zinazofuata. Mfadhili aliye Muscat au London atakaa na simu mkononi akingoja kujua mnyama wake amechinjwa. Mpeni habari siku ileile: idadi ya wanyama, mahali, idadi ya kaya zilizopata nyama. Picha ya ugawaji inatosha, si lazima ya damu.

Sadaka jariya, ile ambayo thawabu zake huendelea, ndiyo yenye uhusiano mrefu kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Chukueni kisima. Ndugu wanne walioko nje wanachangia kisima kwa ajili ya marehemu baba yao. Jumuiya inachimba, inaweka pampu, inapiga picha ya uzinduzi, inafunga faili. Mwaka wa pili pampu imekufa. Mwaka wa tatu shangazi yao wa Chake Chake anapita pale, anaona kisima kimeota majani na jina la kaka yake liko juu yake. Ndugu wanne wamepotea, na waliowasimulia nao wamepotea.

Ili isiwe hivyo, fanyeni haya kabla ya kupokea fedha. Wasilianeni na ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) na sheha kuhusu eneo. Pimeni maji kabla ya kununua pampu, kwani karibu na pwani maji ya chumvi huingia kisimani, hasa yakivutwa kwa nguvu. Amueni nani atanunua umeme wa Tukuza kila mwezi, au kama ni sola nani atasafisha paneli na kuzilinda. Undeni kamati ya watumiaji ndani ya shehia, yenye wanawake, maana wao ndio wanaoteka. Na katika bajeti wekeni asilimia 10 hadi 15 ya matengenezo ya miaka mitatu ya mwanzo, mkimweleza mfadhili kwa uwazi kuwa bila fungu hilo hamchimbi. Kisha kila mwaka, katika tarehe ileile, watumieni picha ya bomba likitoa maji. Watumieni ndugu wote wanne, si mkubwa wao peke yake. Mara nyingi mdogo ndiye atakayekuja kuchangia kisima cha mama.

Yule shangazi yumo karibu katika kila mchango wa Mzanzibari aliye nje. Kila mfadhili wa namna hiyo ana mtu wake nyumbani atakayepita kuangalia. Ripoti yenu iandikwe kwa namna ambayo mtu huyo akisimama mahali penyewe ataona kilichoandikwa. Afadhali zaidi, mwalikeni mwenyewe siku ya ugawaji au uzinduzi.

Hatua ya 5: Tengenezeni kalenda ya mwaka mzima

Chukueni karatasi moja yenye miezi kumi na mbili na kuweka juu yake nyakati zinazogongana. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi. Wafadhili wengi wa nje hufuata Januari hadi Disemba; Serikali ya Uingereza hufuata Aprili hadi Machi. Ofisi nyingi za Ulaya huwa tupu mwezi wa Agosti, na kuanzia takriban tarehe 20 Disemba hadi wiki ya kwanza ya Januari hakuna atakayejibu. Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Tarehe ya mwisho ya ripoti ikiangukia kumi la mwisho, ombeni mapema isogezwe, au malizeni katika Shaabani.

Mahoteli yana majira yake. Aprili na Mei, masika yakipiga, mengi hufungwa au hubaki na wageni wachache. Ukienda kuomba fedha wakati huo utaambiwa hapana na jibu hilo litakumbukwa. Ila ndio wakati meneja ana nafasi ya kukaa na kusikiliza, basi nendeni kutoa ripoti tu. Ombi lisubiri msimu. Pemba msimu wa karafuu hubadilisha kila kitu: fedha huwa mikononi mwa watu, lakini watu wenyewe wako mashambani na wanawake wako kwenye kuchambua na kuanika. Michango ya wanachama huingia vizuri wakati huo. Mikutano ya hadhara haiji mtu.

Ndani ya mwaka, mfadhili wa kawaida apate habari zenu mara nne: shukurani, habari fupi ya katikati, ripoti, na salamu ya Idi au ya mwaka mpya. Ombi liwe moja tu. Anayetoa fungu kubwa aongezewe simu mbili na ziara moja.

Kuhusu saa: mkipanga kikao na mtu wa nje, msiandike saa nne. Andikeni 10:00, saa za Afrika Mashariki, kisha saa yake. Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi.

Hatua ya 6: Ripoti ya kurasa mbili inayosomwa

Taasisi zina fomu zao. Zifuateni kwa herufi. Hii ni kwa wengine wote, na pia ni nakala ya kumtumia ofisa wa taasisi ambaye hana muda wa kusoma kurasa 40.

Ukurasa wa kwanza ujibu maswali haya kwa mpangilio huu: mfadhili alituma nini na kwa kazi gani, kilichofanyika, wapi, lini, kwa watu wangapi, kilichobadilika kwao, ambacho hakikufanyika na sababu yake, kinachofuata. Kwenye “kilichobadilika” watu wengi hurudia shughuli. “Tumetoa mafunzo kwa wanawake 25 wa mwani” ni shughuli. Badiliko ni kuwa wanawake 18 kati yao sasa wanakausha mwani juu ya vichanja badala ya mchangani, na mnunuzi amewapa bei nyingine. Mkikosa la kuandika hapo, rudini kwa wanufaika miezi mitatu baada ya kazi kuwauliza. Jibu halipatikani siku ya kufunga mafunzo.

Ukurasa wa pili ni fedha. Jedwali la safu nne: kifungu, bajeti, matumizi, tofauti. Kila tofauti inayozidi asilimia 10 iandikiwe sentensi moja ya sababu. Mikataba mingi huweka ukomo wa kuhamisha fedha kati ya vifungu bila idhini. Someni wenu kabla ya kuhamisha, wala msiombe idhini baada ya kutumia. Bakaa itajwe hata ikiwa shilingi 12,000, na mfadhili aulizwe aitumieje.

Picha mbili au tatu zinatosha. Kwa watoto, ruhusa ya mzazi au mlezi iwe ya maandishi, na msiweke pamoja uso, jina kamili na kijiji. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Yatima aliyepigwa picha akilia huleta mchango wa haraka na fedheha ya miaka mingi, kwani atakua na kuiona. Tusifanye hivyo, hata mfadhili akiomba.

Mfanyabiashara wa Darajani au Chake Chake hatafungua barua pepe. Mpelekeeni karatasi moja dukani, kwa Kiswahili, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia au baada ya Isha. Atumwe mtu mzima mnayemheshimu pamoja na kijana atakayerithi kazi. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 7: Habari mbaya zitoke kwenu kwanza

Boti haikuondoka kwa sababu ya bahari ya kusi na vifaa havikufika Pemba kwa wakati. Mkandarasi amekimbia na malipo ya awali. Bei ya saruji imepanda. Mshika fedha ametumia fedha. Yote haya hutokea, na mfadhili mzoefu anajua hutokea. Anachopima ni nani alimwambia na baada ya siku ngapi.

Ndani ya siku tatu tangu Kamati Tendaji ijue, ujumbe utoke wenye mambo matano: kilichotokea bila kupamba, kiasi cha fedha kilichoguswa, mlichokwishafanya, mnachopendekeza, na tarehe ya habari inayofuata. Mpigieni simu kwanza, barua ifuate siku ileile. Kuchelewa kwa kazi kuna dawa rahisi: ombeni kuongezewa muda bila fedha za ziada, walau siku 30 kabla ya mkataba kuisha.

Upotevu wa fedha ni mzito zaidi. Msimamisheni mhusika kushika fedha, badilisheni watia saini benki, kusanyeni vocha na taarifa za benki, andikeni muhtasari wa kikao, na pelekeni shauri ZAECA (Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar) pale penye dalili za jinai. Mwelezeni mfadhili hatua hizi na mpango wa kurejesha. Kishawishi kikubwa ni kulimaliza kifamilia kwa sababu mhusika ni mtu wa hapa, mtoto wa fulani. Muhali huo ndio unaoua jumuiya nzuri. Mfadhili atasikia tu, na atakaposikia kwa mtu mwingine hatauliza kiasi.

Hatua ya 8: Ziara

Ziara moja nzuri hufunga uhusiano kuliko ripoti tano, na ziara ya maonyesho huuvunja. Mjulisheni sheha na skuli au kituo wiki moja kabla. Msiwatoe watoto darasani kuimba. Msishone sare wala kuandaa karamu kwa fedha za mradi; chai, muhogo, samaki na madafu vinatosha, na mgeni ataheshimu zaidi. Mtumieni mgeni mapema maelezo ya mavazi ya staha, nyakati za sala, hali ya bahari ya Pemba, na kuwa katika Ramadhani hatapewa chakula hadharani mchana.

Mwacheni azungumze na wanufaika nusu saa bila viongozi kusimama pembeni. Mkalimani awe wa kutafsiri, asiwe wa kusahihisha. Waelezeni wanakijiji kuwa mgeni hakuja na bahasha, na mgeni naye aelezwe asigawe fedha mkononi, maana atakayekosa ataichukia jumuiya. Mwonyesheni pia kisichokwenda vizuri. Jioni ileile mshika fedha awe na faili la vocha tayari, hata asipoulizwa.

Hatua ya 9: Kuomba tena

Msiombe mara ya pili kabla shukurani na ripoti ya mchango wa kwanza hazijafika. Baada ya hapo ombeni kwa kiasi kilichotajwa: “Mwaka jana ulitoa 300,000, watoto 30. Mwaka huu wapo 42. Ukiweza 420,000 wote watapata, na ukitoa kama mwaka jana tutawapa 30 na kuwatafutia wengine.” Mtu amepewa njia mbili, zote za heshima. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliyepunguza ashukuriwe vilevile, kwani bado yumo.

Wanachama wa shilingi 2,000 kwa mwezi msiwadharau. Wanachama 50 wa namna hiyo ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, zisizo na masharti, zinazolipa nauli na umeme pale mradi unapochelewa. Tena mfadhili mkubwa akiona watu wa shehia wenyewe wanachangia, swali lake la nani ataendeleza kazi limejibiwa.

Gharama za uendeshaji zisifichwe ndani ya vifungu vingine. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama zisizo za moja kwa moja. Wengine huruhusu zaidi, wengine hawataki kusikia. Onyesheni ukweli: mshahara wa mhasibu, ukaguzi wa hesabu, intaneti, nauli ya boti. Mfadhili aliyezoeshwa kuwa kazi yote haina gharama atashtuka siku akiambiwa ukweli.

Na jifunzeni kukataa. Kontena la vitu chakavu huja na gharama za bandari, ushuru na ghala. Dawa zinahitaji idhini ya ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar) na muda wa matumizi uliobaki wa kutosha. Godoro la hoteli lililotoboka ni taka iliyohamishwa. Barua ya kukataa iwe na shukurani, sababu moja, na orodha ya vitu vitatu mnavyovihitaji kweli.

Kupima, kufuatilia waliopotea, na makabidhiano

Kila Januari hesabuni waliotoa mwaka juzi, kisha wangapi kati yao walitoa tena mwaka jana. Walikuwa 40, wamerudi 22: asilimia 55. Wapya hawahesabiwi humo. Kisha watenganisheni waliotoa kwa mara ya kwanza na waliokwishatoa mara mbili au zaidi. Wa kwanza huondoka kwa wingi zaidi, hivyo nguvu ziende kwenye ripoti yao ya kwanza.

Wale 18 wasiorudi wapigiwe simu au waandikiwe mmoja mmoja bila kuombwa fedha: “Mwaka jana hatukuwa nawe. Kuna tulilokosea?” Wengine watasema wamepoteza kazi, waombeeni dua na muendelee kuwapa habari mara mbili kwa mwaka. Wengine watataja kosa lenu. Liandikeni, lirekebisheni, na mumrudie kumwambia limerekebishwa. Wachache watasema hawataki kusikia tena. Waondoeni kwenye orodha siku hiyohiyo.

Katibu au mshika fedha anapoondoka, kila mfadhili mkubwa apigiwe simu na wawili kwa pamoja, anayetoka na anayeingia, kabla ya siku ya mwisho kazini. Kwa mahoteli fanyeni hivyohivyo upande wa pili, kwani mameneja huhama mara kwa mara: kila mkisikia meneja anaondoka, ombeni awatambulishe kwa anayemrithi, na mpelekeeni mpya ripoti ya mwaka uliopita kabla ya kumwomba chochote.